Mpaka Tone la Mwisho

Fundi Bomba aliliona gari jeupe kabla hajamwona mkewe, na moyo ukamshuka.

Lilikuwa basi dogo lenye bango mbele, likitambaa nyuma ya wakimbiaji wa mwisho wa zile mbio ndefu za mji. Kazi yake ilikuwa kuzoa waliozidiwa. Aliyepitwa nalo alibanduliwa namba kifuani, akapewa kiti na taulo, na habari yake ikaishia hapo. Mwaka uliotangulia lilimzoa mkewe wakati uwanja wa kumalizia unaonekana kabisa, bendera na yote.

"Afadhali ningeanguka," alimwambia mumewe siku ile. "Mtu akianguka huulizwa hali. Mtu akipakiwa huchekwa."

Alikuwa dobi wa hospitali kubwa, mtu mzima mwenye wajukuu, na wenzake walimwita Mama Pasi. Tangu aibu ile alikuwa akiamka alfajiri na kukimbia mitaani kabla ya kwenda kazini, mvua inyeshe jua liwake. Hakutaka medali wala kupigwa picha. Alitaka kuvuka mstari kwa miguu yake mwenyewe kabla lango la uwanja halijafungwa. Basi.

Fundi naye alijitwika jukumu la maji. Alikuwa amesoma katika jarida moja la michezo, alilolikuta sebuleni kwa mteja, kwamba mkimbiaji anayengoja kusikia kiu amekwisha kuchelewa. Sentensi ile ilimkaa kichwani. Fundi alikuwa mtu wa kusoma, na alichokisoma hakukiacha kipite hivi hivi, alikifanyia kazi. Alimpangia mkewe utaratibu: katika kila kona atakayomngojea na baiskeli, atampa chupa kubwa ya maji, na mkewe atainywa mpaka tone la mwisho, kisha aigeuze juu chini ili yeye aone. Ndivyo alivyozoea kazini. Akizibua bomba, haondoki mpaka mteja achungulie mwenyewe na kuridhika kwamba ndani hakuna kilichobaki.

Sasa alisimama kwenye kona ya duka la samani lililofungwa, mkoba wa spana ukining'inia kwenye usukani, ndani yake chupa zimepangwa kama watoto kitandani. Manyunyu yalikuwa yakianguka tangu asubuhi. Upepo ulikuwa wa baridi, na wakimbiaji wengi walipita wamekunja mabega.

Ndipo akamwona. Alikuwa akija taratibu upande wa kushoto wa barabara, mbele kidogo ya lile gari, miguu ikiburura.

"Mama!" Fundi aliita. "Mama, huku! Usiliangalie hilo gari, niangalie mimi!"

Mkewe alisimama, akashika magoti. "Baba," alisema, "leo tumbo linacheza kama debe la maji. Nikikanyaga chini nalisikia."

"Ni upepo tu huo. Shika."

"Sina kiu."

"Hupaswi kuwa nayo. Ukisikia kiu tumekwisha. Kunywa, mke wangu, lile linakuja."

Mama Pasi aliitazama chupa kwa namna ambayo Fundi aliikumbuka baadaye: kama mtu anayetazama rundo la shuka ambalo limeletwa wakati yeye ameshavaa viatu vya kwenda nyumbani. Hata hivyo aliipokea. Alikunywa, akapumua, akanywa tena, akaigeuza juu chini. Hakikudondoka kitu.

"Safi!" Fundi alisema. "Hilo ndilo dobi langu. Nenda, nenda!"

Akaenda. Fundi alimsindikiza kwa macho, kifua kimejaa, kisha akapanda baiskeli na kukata kwa njia ya uchochoroni kwenda kona inayofuata.

Fahari yake ile ilikuwa na historia. Mkewe alikuwa na mdogo wake wa kiume, waliyezoea kumwita Meneja, kwa sababu alikuwa na duka dogo mlangoni mwa jumba la mazoezi na akapenda kujitambulisha kama meneja wake, ingawa hakuwa na mfanyakazi mwingine wa kumsimamia. Duka lilijaa chupa za kinywaji cha wanamichezo, cha rangi ya buluu, na Meneja alikisifia kama mtu anayemnadi binti yake. Mapema mwaka huo alileta katoni nzima nyumbani kwa dada yake. Hapo ndipo vita vilipoanza.

"Shemeji," Meneja alisema siku ile, ameketi ukingoni mwa kiti kama mtu aliyekuja kuposa, "mwili ukitoka jasho hautoi maji matupu. Unatoa na chumvi. Sasa wewe unamrudishia maji peke yake. Hiyo ni hesabu gani?"

"Mimi nafunga mabomba katika mji huu tangu wewe hujaota ndevu," Fundi alijibu. "Sijaitwa hata siku moja kufunga bomba la buluu."

"Lakini maji hayana sukari, hayana chumvi, hayana chochote!"

"Ndiyo maana yanaitwa maji. Hayo yako yanaitwaje? Jina lenyewe siwezi kulitamka bila kumtemea mtu mate."

Mama Pasi, aliyekuwa akinyoosha shati mezani, aliisimamisha pasi. "Samahani jamani. Kwani anayekimbia ni nani?"

"Wewe," walimjibu kwa pamoja, kisha wakaendelea kubishana kana kwamba aliyeuliza alikuwa redio.

Ubishi ule ulichacha. Meneja alimwita shemeji yake mtu wa zama za ndoo. Fundi akamwita mchuuzi wa wino. Katoni ikarudishwa mlangoni kwa mguu. Meneja akaacha kuja, na Mama Pasi, aliyemlea mdogo wake huyo kwa mikono yake baada ya mama yao kufariki, akawa anakula nusu sahani. Hatimaye usiku mmoja, taa ikiwa imezimwa, alisema: "Nitakunywa maji yako, Baba. Yako tu. Ila usimtukane tena mdogo wangu. Tulale."

Fundi alilala kama mfalme. Na ajabu, baada ya hapo Meneja naye alinyamaza. Alianza kuja tena, akaamkia kwa adabu, akaulizia hali ya mabomba. Fundi alijiambia kwamba shemeji amesalimu amri. Alijitia ukarimu wa mshindi, akamkaribisha chai.

Kwenye kona iliyofuata, karibu na karakana ya magari, alingoja mpaka vidole vikafa ganzi. Wakimbiaji walikuwa wachache sasa, mmoja mmoja, wengine wakitembea. Mkewe alipotokea, Fundi hakumtambua mara moja. Alikuwa akitembea kwa kuyumba, mkono mmoja kichwani, uso umejaa kama wa mtu aliyetoka usingizini.

"Kichwa," alisema alipofika. "Baba, kichwa kinanipasuka. Nimetapika pale nyuma."

"Umetapika? Basi maji yametoka. Turudishe haraka."

"Na vidole, hebu tazama." Alinyoosha mkono. Pete ya ndoa ilikuwa imezama kwenye nyama, pande zote mbili zimetuna. "Ilikuwa inazunguka asubuhi."

Fundi aliishika pete akajaribu kuizungusha. Haikusogea. Kitu fulani kilimgusa moyoni, baridi, kama mtu anapotia mkono chini ya sinki na kukuta unyevu mahali pasipostahili. Lakini wakati huohuo gari jeupe lilitokea kwenye mzunguko, likasogea, likasimama kando yao. Dereva, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alishusha kioo.

"Mzee, vipi, mama apande?"

Fundi alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa akilitazama lile gari, na midomo ilimtetemeka.

"Hapandi," Fundi alisema.

"Nauliza tu, mzee. Hali yake siyo."

"Nimesema hapandi! Endesha gari lako. Huyu anamaliza leo."

Dereva aliinua kiganja kama anayesema yaishe. "Haya. Nitawavumilia kidogo hapa. Kidogo tu."

Fundi alimfungulia mkewe chupa, akaiweka mwenyewe kinywani mwake. Alimshika kisogo, taratibu, kama anavyonyweshwa mtoto dawa. Mama Pasi alimeza kwa tabu, macho ameyafumba, maji mengine yakimtiririka kidevuni. Ilipoisha, hakuigeuza. Fundi aliigeuza kwa niaba yake.

"Haya, Mama. Hapo mbele tu ni uwanja. Nakungoja langoni."

Mkewe alimtazama. "Umewalipa watu wa geti?" aliuliza.

"Geti gani?"

"La nyumbani."

Nyumba yao haikuwa na geti. Haikuwa hata na uzio. Uchovu, Fundi alijiambia. Mtu akichoka huropoka. Mkewe tayari alikuwa amegeuka, akaondoka kwa hatua fupi fupi, na gari jeupe likaunguruma nyuma yake.

Alikanyaga pedali kwenda uwanjani kama anayefukuzwa. Langoni kulikuwa na kamba, saa kubwa, na watu wazima wanaolia kwa furaha na kukumbatiana wakiwa wamelowa. Fundi alisimama juu ya ukingo wa kitalu cha maua ili aone mbali. Alimwona mzee mmoja mwenye mvi akiingia. Akawaona kina dada wawili wameshikana mikono. Kisha barabara ikawa tupu. Kijibaridi kile cha chini ya sinki kilimrudia, safari hii hakikuondoka.

Kisha akasikia king'ora.

Hakukumbuka kupanda baiskeli. Alijikuta anarudi barabarani kinyume cha njia, mlinzi mmoja akimpigia filimbi, mkoba wa spana ukimgonga goti. Nyuma ya kituo cha mafuta kulikuwa na kundi la watu wameinama. Gari jeupe lilikuwa limesimama mshazari, mlango wazi. Na katikati, chini kwenye lami, mkewe alikuwa amelala ubavu, viatu vimeelekea uwanjani.

Aliyepiga magoti kichwani pake hakuwa daktari. Alikuwa Meneja, kashika chupa ya buluu.

"Kunywa, dada. Kunywa kidogo tu, nakuomba."

"We!" Fundi aliwasukuma watu. "Unafanya nini hapa? Toa uchafu huo!"

"Anaishiwa nguvu, shemeji! Maji yako matupu yamemmaliza! Anataka chumvi!"

"Anataka maji! Ametapika, hana maji mwilini!" Fundi alikwisha kufungua chupa yake. Wanaume wawili wazima, mmoja na mvi, mwingine na kipara kinachoanza, walibabatizana juu ya mwanamke asiyejua yuko wapi, kila mmoja akijaribu kufikisha chupa yake kwanza. Mama Pasi aligeuza uso huku na huku. Alikuwa akinong'ona kitu kuhusu shuka za wodi ya watoto.

"Ondokeni nyote!" Mama mmoja wa huduma ya kwanza, mwenye kizibao cha rangi ya machungwa, aliingia na mkoba wake. Alimgusa mgonjwa paji la uso, akamshika mapigo. Kisha akamtazama midomo na sauti ikampanda: "Midomo imekuwa ya buluu! Daktari! Daktari, hewa haifiki huku!"

Daktari wa mashindano alishuka kwenye gari la wagonjwa akikimbia. Alikuwa mwanamke mwembamba, nywele amezifunga nyuma, asiye na maneno mengi. Alimbana mgonjwa kidoleni kifaa kidogo chenye taa, akakisoma, akakunja uso kwa kutoelewa.

"Hewa anayo," alisema. "Tena ya kutosha. Jina lake nani? Mama! Mama, unanisikia? Nani yuko naye?"

"Mimi mumewe."

"Mimi mdogo wake."

"Ameishiwa maji, daktari," mama wa huduma ya kwanza alisema. "Wote wanaoanguka hapa ni hivyo. Nimfungulie dripu?"

"Subiri kwanza. Alikuwa anakunywa njiani?"

"Sana," Fundi alisema. "Maji safi. Mimi mwenyewe nimempa chupa kila kona. Maji tu, hajaonja kingine."

Daktari alimtazama Meneja. Meneja alikuwa ameinamisha kichwa, anakisugua kifuniko cha chupa kwa kidole gumba.

"Ni kweli?"

"Kama... kama anavyosema shemeji," Meneja alijibu.

Daktari alisita. Fundi aliiona ile hali ya kusita, na ingawa hakujua udaktari, aliijua sana kwa sababu hata yeye humpata: fundi amesimama mbele ya ukuta, nyundo mkononi, hajui bomba limepita upande gani, na akikosea nyumba nzima inafurika. "Chupa moja kila kona," daktari alisema nusu kwa kujisemea. "Kwa saa zote hizi... inaweza kuwa hivi, inaweza kuwa vile." Mama wa huduma ya kwanza alikuwa amekwisha kuutundika mfuko wa dripu mkononi, anangoja neno tu.

Fundi alipiga magoti. Alitaka kumfuta mkewe uso, angalau hilo. Alipitisha kidole gumba kwenye mdomo wake wa chini, na ubuluu ukatoka. Ulibaki kwenye kidole, umeloa, unang'aa kidogo. Pembeni, kwenye lami, palikuwa na matapishi ya rangi ileile.

Alikitazama kidole. Kisha akamtazama shemeji yake. Meneja aligeuza macho.

Pale pale Fundi aliyaelewa yote, na lililotangulia kumchoma, lazima lisemwe, halikuwa hofu. Ilikuwa hasira ya mume aliyedanganywa. Yako tu, Baba. Tulale. Kumbe ile adabu yote ya shemeji, ya chai na kuulizia mabomba! Kumbe kila mkewe alipoigeuza chupa juu chini na kumchekea, alikuwa anatoka kwa huyu au anakwenda kwa huyu! Maneno makali yalimjaa kinywani. Angeweza kumnyooshea kidole mbele ya watu wote pale: huyu ndiye, amemnywesha rangi, mshikeni. Na watu wangemwamini, maana ushahidi ulikuwa unadondoka.

Mkewe alitikisika. Mguu mmoja ulijipiga kwenye lami, mara ukatulia.

"Daktari," Fundi alisema, na sauti ilitoka ya mtu mwingine. "Nimekosea. Si chupa moja kila kona. Amekunywa mbili. Yangu, na yake huyu."

"Sikutaka—" Meneja alianza.

"Nyamaza. Sema ulimpa ngapi. Sema kweli."

Meneja alikuwa analia. "Kila nilipomkuta. Nilikuwa na pikipiki, nilikuwa namngoja kwenye sehemu ndefu za barabara. Alisema nisikwambie. Alisema atakunywa yangu tu, yako atamwaga."

"Mbele yangu hakumwaga kitu. Nilikuwa nakagua." Fundi alimgeukia daktari. "Alinywa zote, daktari. Alikuwa anasema hana kiu, mimi namlazimisha. Alisema tumbo linacheza. Vidole vimevimba, tazama pete. Na asubuhi ilikuwa baridi, hakutoka hata jasho la maana. Na lile gari lilitaka kumchukua, mimi ndiye niliyekataa."

Yule dereva mnene alitazama viatu vyake.

"Shusha hiyo dripu," daktari alisema, haraka sasa, bila kusita hata kidogo. "Mtu yeyote asimpe hata tone. Maji, buluu, chochote. Damu yake imezimuliwa. Chumvi imebaki kidogo mno na ubongo unaanza kuvimba. Nipe ile dawa ya chumvi kali, ile chupa ndogo. Machela!"

"Lakini chupa zangu zina chumvi," Meneja alisema, kwa sauti ya mtoto.

"Kiduchu. Kwa wingi huo ni maji yenye rangi, kaka. Pisha."

Fundi alikuwa amengojea miezi mingi kumsikia msomi akimwambia shemeji yake maneno hayo. Yalimpita kama upepo. Alikuwa akihesabu pumzi za mkewe.

Njiani, ndani ya gari la wagonjwa, Mama Pasi alikakamaa. Mikono ilijikunja, meno yakasagana, macho yakageuka meupe. Daktari alimlaza upande, akaisukuma ile dawa polepole kwenye mshipa, jicho kwenye saa ya ukutani. Fundi alikuwa ameambiwa ashike miguu. Aliishika. Miguu ile iliyokimbia kila alfajiri ilikuwa inampiga kifuani kwa nguvu ambayo hakuijua, na yeye alikuwa akisema jambo moja tu, tena na tena, ambalo halikuwa hata sala: "Usiende, usiende, usiende." Mbele, karibu na dereva, Meneja alikuwa amejifunika uso kwa mikono.

Kisha ikaisha. Miguu ililegea. Fundi alimtazama daktari.

"Anapumua," daktari alisema. "Tungoje."

Walingoja hospitalini, kwenye benchi la chuma nje ya chumba cha wagonjwa mahututi. Wanawake wa kufulia, wenzake Mama Pasi, walikuwa wamesikia. Walikuja mmoja mmoja na aproni zao, wakachungulia kiooni, wakawatazama wale wanaume wawili kwa jicho ambalo halikuhitaji maelezo, wakarudi kazini. Hakuna aliyewapa pole.

Meneja ndiye aliyeanza. "Nilidhani namsaidia, shemeji."

"Najua."

"Ungenitukana ningejisikia vizuri zaidi."

"Sina nguvu ya kukutukana. Keti tu."

Daktari alipotoka, wote wawili waliinuka kwa pamoja kama wanafunzi. Chumvi ilikuwa inapanda, alisema, polepole kama inavyotakiwa. Degedege halijarudi. Mgonjwa amejua mwaka na amejua jina lake, na amelalamika kwamba mto haujapigwa pasi.

Fundi aliketi.

"Daktari," Meneja alisema, akisugua kipara chake, "niulize tu, si kwa ubishi. Kati ya maji na hiki changu, kipi hasa bora kwa mkimbiaji?"

Daktari alimtazama kwa muda, kama anayepima kama swali hilo linastahili uchovu wake. "Siku ya jua kali, jasho linakuchuruzika kwa saa nyingi, chako kinaweza kumfaa. Mazoezi ya kawaida, maji yanatosha. Leo kwa baridi ile na mwendo ule, alitakiwa anywe pale tu alipotaka kunywa. Kuna aliyemuuliza?"

Wanaume wale walitazama sakafu, kila mmoja kigae chake.

Jioni waliruhusiwa kuingia. Mama Pasi alikuwa ameegemezwa, uso bado umejaa, mirija mkononi, macho yake yenyewe yamerudi. Fundi alisimama upande mmoja wa kitanda, Meneja upande wa pili. Fundi alikuwa ameandaa maneno kwenye benchi, mazuri, yaliyopangika. Yote yalikimbia.

"Kwa nini hukuniambia, Mama?" ndilo pekee lililotoka.

"Ningekwambia ungekubali?"

Fundi alifikiri. Alitaka sana kusema ndiyo. "Nisingekubali," alisema.

"Na wewe?" Mama Pasi alimgeukia mdogo wake.

"Mimi ningelia, dada."

"Basi." Alifumba macho. "Nilisema ninywe za wote, nifike, mpatane. Niliona tumbo ni langu, nitalibembeleza." Alifumbua macho. "Nilimaliza?"

Hilo ndilo walilokuwa wakiliogopa. Meneja alimtazama Fundi. Fundi angeweza kumdanganya mkewe, yuko kitandani, hakumbuki, nani angemwambia? Fundi alimshika mkono, ule wenye pete.

"Hukumaliza. Uliangukia kwenye kituo cha mafuta."

Machozi yalimtoka Mama Pasi, mawili matatu, yakaingia masikioni. Hakuyafuta. Kisha alisema, "Lakini sikupakiwa?"

"Hukupakiwa. Dereva mwenyewe alishuka, ukaletwa na gari la wagonjwa."

"Afadhali." Alivuta pumzi ndefu. "Mwakani nakimbia tena. Nyinyi mtabaki nyumbani."

"Nani?" Fundi aliuliza.

"Nyote wawili. Sitaki kumwona mtu kwenye kona, sitaki kumwona mtu kwenye pikipiki. Mtakaa sebuleni, mtatazamana."

Fundi aliona wazi barabara nyingine tupu, na yeye yuko mbali. "Na ukisikia kiu, Mama?"

"Nitakunywa."

Fundi alisubiri aongeze kitu, kipi, kiasi gani, wapi. Mkewe alikuwa amekwisha kufumba macho tena. Fundi alifungua kinywa. Meneja, kutoka upande wa pili wa kitanda, alimtikisia kichwa polepole, na Fundi akakifunga.